Gari Lililozungushwa Sokoni Ishiara

Rahema binti Hassan hakuwahi kuendesha gari maishani mwake, lakini mwaka wa 1956 ilimbidi achague moja. Alikuwa na bucha katika mtaa wa Waislamu mjini Embu, upande ambao siku hizi kuna nyumba za Majimbo, na alikuwa mjane wa miaka miwili. Mumewe, Rashid, alilazwa na homa siku nne tu, akaenda. Alimwachia gogo la kukatia nyama, mizani, na mtoto mmoja wa kiume, Kasim, aliyekuwa na miaka kumi na saba na leseni ya udereva yenye wiki tatu.

Kasim huyo ndiye baba yangu. Mengi ya haya niliyapata kwake. Mengine niliyapata kwa nyanya yangu, Bi Rahema mwenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayeokota ndengu zilizomwagika.

Zamani mbuzi wa bucha walitoka Ishiara kwa miguu. Wachungaji waliwaswaga siku mbili, wakilala Siakago njiani. Serikali ya wakoloni ilipotangaza hali ya hatari kwa ajili ya wapiganaji wa msituni, njia hiyo ilikufa. Mtu aliyeonekana akiswaga mbuzi kuelekea mlimani aliulizwa anawapelekea akina nani chakula msituni, na jibu lolote alilotoa lilikuwa baya. Mifugo ikawa haisafiri ila kwa gari, mchana, na pasi ya ruhusa ya serikali mkononi. Mfanyabiashara aliyekuwa akiwakodishia lori alifunga duka lake akahamia Nairobi. Bucha ya Bi Rahema ikawa inafunguliwa siku tatu kwa wiki, halafu mbili.

Basi ilibidi apate gari lake mwenyewe, linaloweza kupita mchanga wa Siakago na mawe ya Mto Ena, na dereva wa gari hilo hakuwa mwingine ila Kasim.

"Bucha ikifa tutakula mihogo," alimwambia usiku wa kuamua. "Wewe ukifa nitakula nini?"

"Mama, watu wanaendesha kila siku."

"Na kila siku kuna asiyerudi. Nataka gari litakalokurudisha. Mengine yote ni mapambo."

Walianzia Kangeta, huko Igembe, kwa sababu walisikia mchuuzi mmoja wa miraa anayeitwa Bundi anauza jipu. Walikwenda kwa lori la mahindi na pasi ya siku mbili. Jipu lenyewe lilikuwa la vita vya Hitila. Halikuwa na milango, sakafu ilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, na gia ya tatu ilikuwa ikiruka yenyewe, kwa hiyo Bundi alikuwa ameifunga kwa utepe wa mpira.

"Ya tatu huiweki tu ukaiacha," Bundi alimweleza Kasim. "Unaishikilia kama mkono wa mtoto sokoni."

"Na breki?"

"Breki iko. Unaikanyaga mara mbili, moja ya kuiamsha."

Kasim alitazama kando. Mama yake alizunguka jipu lile mara tatu. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba gari la miraa halipumziki; majani ya asubuhi lazima yatafunwe jioni mbali sana, na injini hulipa. Walimwambia Bundi watafikiri, na Kasim alifurahi kuondoka.

Gari la pili lilikuwa palepale Embu, katika karakana ya fundi Murithi. Landrova. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijani mbichi, tairi zake zilikuwa mpya, springi zilikuwa zimenyooka, turubai halikuwa na tundu. Murithi alisema lilikuwa la bwana shamba mmoja aliyerudi kwao. Kasim aliingia, akashika usukani, na uso wake ukawa wa mtoto wa miaka saba.

Bi Rahema aliinama akapapasa mitaro ya tairi kwa kidole.

"Bi Rahema, hii haina meno," Murithi alisema akicheka.

"Haya ndiyo meno. Liwashe."

Murithi aliliwasha. Lilikohoa mara mbili, kikohozi kizito cha mtu mnene, kisha likanguruma sawasawa.

"Mbona linakohoa?"

"Ni ekzosi yake tu. Kila gari ina sauti yake, kama watu."

Bei yake ilikuwa karibu sawa na ya jipu la Kangeta, na hilo ndilo lililomkera. Mwenye bucha akiona ng'ombe mnono anauzwa kwa bei ya aliyekonda, hafurahi kwanza. Hujiuliza ng'ombe huyo amefanya nini.

Rashid alikuwa amemfundisha desturi moja ya wanunuzi wa Ishiara. Mtu halipii mnyama zizini kwa mwenyewe. Humchukua kwa kamba, akamzungusha sokoni mara moja, polepole, watu wakitazama. Kama ni wa wizi, mwenye mali atapaza sauti. Kama anapiga pembe au ni tasa, atakuwepo anayemjua. Soko likinyamaza, unalipa. Rashid alikuwa akisema rangi ya ng'ombe inaweza kudanganywa kwa matope, lakini mwendo haudanganyiki.

"Nataka kulizungusha," alimwambia Murithi.

"Kulizungusha wapi?"

"Ishiara. Siku ya soko. Jioni nitakuletea jibu."

Kasim aliona haya. "Mama, ni gari, si fahali."

"Ni la kununua. Kila cha kununua huzungushwa."

Murithi alikuwa na hakika na gari lake, au alijifanya. Aliwapa siku moja. Jambo moja tu alilomwonya Kasim: betri ilikuwa ya zamani, ikizimwa huenda ikakataa.

Waliondoka asubuhi na pasi iliyoandikwa kwamba wawe wamerudi kabla ya saa kumi na mbili. Kwenye kizuizi cha mwisho wa mji, homugadi wawili, wale askari wa kienyeji wa serikali, walisimama wima na kulipigia Landrova saluti kabla ya kuona ni nani aliyekuwa ndani. Kasim alicheka njia nzima hadi Siakago kwa ajili ya saluti ile. Vumbi la barabara lilikuwa jekundu na jingi. Bi Rahema, aliyeketi mbele pembeni mwa mwanawe, alivuta buibui lake jeusi, akajifunika kichwa na uso wote, yakabaki macho tu.

Waliingia soko la Ishiara saa nne, wakati mbuzi wamejaa. Kasim alizunguka uwanja mara moja, polepole, kama alivyoagizwa, kisha akasimama karibu na miti ya kufungia mbuzi. Hakuzima injini. Dereva wa wiki tatu huogopa jambo moja kuliko yote, nalo ni gari kukataa kuwaka mbele ya watu.

Bi Rahema alidhani watu walinyamaza kwa kushangaa. Kisha akaona hawatazami gari. Walikuwa wanatazama chini. Mwanamke aliyekuwa akipima mawele alitua kibuyu chake bila kukifunga, akamvuta mwanawe nyuma ya kanga. Mzee mmoja alivua kofia. Mwingine akaja akasimama nyuma ya yule mzee, na mwingine nyuma yake, na hakuna aliyewaambia. Katika dakika mbili palikuwa na mstari mrefu, kutoka miti ya mbuzi hadi mlango wa duka, wanaume mbele na wanawake nyuma yao. Injini ilikuwa ikinguruma na kukohoa. Hapakuwa na sauti nyingine. Hata mbuzi walinyamaza, baba alisema, lakini nadhani hapo aliongeza chumvi.

"Mama," Kasim alinong'ona, "wanangoja nini?"

Mama yake alikuwa tayari amemwona Nyamu. Nyamu alikuwa Mumbeere wa hapo Ishiara, aliyemuuzia Rashid mbuzi, kisha akamuuzia yeye, kwa miaka kumi na mitano. Alikuwa wa saba katika mstari. Katikati ya watu wale wote waliogeuka mawe, uso anaoujua ulimpa nafuu, akamsalimu kama alivyozoea kumsalimu kwa mbali sokoni, wakati mikono ina kazi. Alitikisa kichwa kwa kukiinamisha, mara moja.

Mwanamke mmoja nyuma ya mstari alitoa sauti ndogo, kama ya mtu aliyejikata kidole.

Nyamu alitoka kwenye mstari. Alimpa mwenzake fimbo yake, akaweka mikono miwili juu ya kichwa, akaja hadi mlangoni pa gari. Hakumtazama aliyekuwa ndani. Alitazama gurudumu.

"Nyamu," alisema Bi Rahema.

Mtu yule hakusogea.

"Nyamu, ni mimi. Mama Kasim."

"Kama ni wewe," alisema akitazama gurudumu lile lile, "ambia huyo kijana azime."

"Mama, isipowaka?"

"Zima, Kasim."

Injini ilikufa. Bi Rahema alifunua uso wake wote, akavua na ushungi, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya wanaume wa soko. Nyamu alimtazama. Mikono yake ilishuka mmoja mmoja.

"Mlitoa wapi hii gari?"

"Kwa fundi, mjini. Ilikuwa ya bwana shamba."

"Huyo bwana shamba alikuwa analima nini?"

Alimweleza kwa sauti ya chini, mgongo wake ukiwa kwa watu. Mwaka uliopita, siku mbili za soko mfululizo, gari hili lilisimama hapa. Wakati huo lilikuwa na rangi ya majivu. Watu walipangwa mstari, wakapita mbele yake mmoja mmoja, na injini haikuzimwa kutwa. Katika kiti hiki alichoketi Bi Rahema alikuwa mtu aliyevaa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho. Hakusema neno. Akitulia, unapita. Akitikisa kichwa, wewe ni wa msituni, unapandishwa nyuma.

"Ndugu yangu Munyi alikuwa wa sita," Nyamu alisema. "Kichwa tu. Mara moja, vile umefanya."

"Yuko wapi sasa?"

"Tukijua tutakuambia."

Kasim alisema, kwa sauti ya kujitetea, kwamba gari lilikuwa limepakwa rangi upya. Nyamu alimgeukia kwa upole. "Kijana, mimi sikuiona ikikuja. Niliisikia ikikohoa kutoka huko mtoni."

Kisha akauliza, "Mmeinunua?"

"Bado. Tunaizungusha."

Nyamu alicheka, kicheko kisichokuwa na furaha. "Basi imezungushwa. Umesikia soko imesema nini."

Bi Rahema alishuka. Alikwenda kwenye mstari, kichwa wazi, akaanza kwa yule mzee wa kofia, akampa mkono. Akaenda kwa wa pili. Alisema jina lake tu na kazi yake, Rahema wa bucha, Rahema wa mbuzi, hadi mwisho wa wanaume na katikati ya wanawake. Wengine walimpa mkono. Watu wanne hawakumpa, na aliwakumbuka hao kuliko wote. Mmoja alimwambia, "Wewe rudi na hiyo kitu yako."

Landrova ilikataa kuwaka. Kasim alijaribu mara tano, na kila mara alipobonyeza, shingo zilijikunja uwanja mzima. Ikawa lazima isukumwe. Soko lote lilisimama likitazama, hakuna aliyesogea, na jua lilikuwa limepita utosi. Nyamu ndiye aliyeweka bega kwanza. Halafu mwenzake aliyeshikilia fimbo. Halafu watatu wengine, wakisukuma kwa nguvu kitu walichokichukia, kwa sababu hakikuweza kubaki pale. Kilipokohoa na kuwaka, wote waliruka nyuma.

"Mkienda hivi hamtavuka Ena," Nyamu alisema dirishani. "Asubuhi mlipita, watu wakasikia. Kurudi mtakuwa mnangojwa."

"Na akina nani?"

"Mama Kasim, usiniulize jina ya mtu."

"Tulale basi."

"Pasi yenu ni ya leo. Mkilala, mtatafutwa na hao wengine."

Alichukua fimbo yake, akatangulia mbele ya gari kwa miguu.

Fahali mkali akipitishwa katikati ya watu, mwenye boma humtangulia, ili wanaomwogopa waone uso wanaoujua kwanza. Nyamu alitembea hivyo maili mbili hadi mtoni, katikati ya barabara, hatua kumi mbele ya boneti, bila kugeuka. Kasim alimfuata kwa gia ya kwanza. Kuendesha polepole hivyo ni kazi ngumu hata kwa dereva mzoefu. Mguu wake haukutoka kwenye klachi, na alijua akikosea kidogo atazima, na akizima hapo hakuna wa kusukuma. Migunga ilikuwa imebana barabara pande zote mbili. Bi Rahema alikaa na uso wazi, vumbi likimwingia mdomoni, mikono juu ya dashibodi ili ionekane mitupu.

"Mama, unaona mtu?"

"Tazama mgongo wa Nyamu. Mimi nitatazama mengine."

Hakuwa anaona mtu. Alikuwa anaona ndege wakiruka mbele kidogo ya mahali walipofika, upande wa kushoto, kila mara upande wa kushoto, lakini hilo hakumwambia mwanawe hadi alipokuwa mtu mzima mwenye watoto.

Kwenye mteremko wa mto kulikuwa na gogo limelazwa barabarani. Lilikuwa limekatwa muda huo. Utomvu ulikuwa bado unatoka. Nyamu aliinua mkono, Kasim akasimama, mguu ukiwa juu ya klachi, injini ikikohoa. Nyamu aliugeukia ule upande wa kushoto na kuongea kwa Kimbeere, sauti yake ikiwa ya kawaida, kama mtu anayemweleza jirani habari za mvua. Alisema huyu ni mama wa mbuzi. Alisema yule kijana ni mtoto wa Rashid aliyekufa. Alisema gari si lao, wanalirudisha kwa mwenyewe, na kwamba wanaosikiliza hawatalisikia tena likiwa na hawa.

Kichaka hakikujibu. Bi Rahema alihesabu pumzi za mwanawe, kwa sababu alizisikia. Alifika kumi na tisa. Jiwe moja likatoka kwenye majani, likagonga boneti, likaanguka chini. Hapakuwa na la pili.

Nyamu alilichukulia jiwe lile kuwa ruhusa. Alishika gogo upande mmoja, akalivuta hadi pembeni, akiwa amewapa mgongo wale wa kichakani, kisha akasimama kando ili gari lipite. Walipofika sambamba naye Bi Rahema alifungua mdomo amshukuru.

"Pita tu," Nyamu alisema. "Na msirudi na hii."

Walifika kizuizi cha Embu dakika chache kabla ya saa kumi na mbili. Homugadi wale wale walisimama wima wakapiga saluti. Safari hii Kasim hakucheka. Aliegesha gari mbele ya karakana, akashuka, akaenda kukaa mbali nalo kando ya ukuta.

Murithi alikuja akipangusa mikono. "Haya, Bi Rahema. Soko imesema aje?"

"Limelikataa."

"Soko ya mbuzi inajua nini na injini?"

"Injini ni nzima. Ulijua lilikuwa la nani?"

Murithi alipangusa mikono yake zaidi, ingawa ilikuwa imekwisha kuwa safi. "Mimi niliuziwa na mtu," alisema. Mpaka leo sijui kama alijua. Nyanya naye hakuwahi kusema anadhani nini, ila hakununua tena kwake hata skrubu.

Wiki hiyo hiyo walirudi Kangeta. Bundi aliwacheka kwanza, kisha alipoona kijana amekaa kwenye usukani bila kuuliza chochote kuhusu milango, akamwonyesha jinsi ya kufunga utepe wa gia. Kasim alisikiliza injini, mkono juu ya boneti. Ilikuwa ikilia kama cherehani.

"Hii hakuna mtu anaijua huko kwetu?" aliuliza.

"Huko kwenu? Hii inajulikana na miraa peke yake."

Walikubaliana walipe likishapita soko, kwa sababu jipu nalo lilipaswa kuzungushwa. Siku ya soko ilipofika, pasi ilitolewa ya mtu mmoja, dereva. Bi Rahema alijaribu kwenye ofisi asubuhi nzima, hakupata ya pili. Alimwambia Kasim mambo matatu: asijifunike kichwa hata kwa kofia, azime injini kabla hajaingia uwanjani, na mtu wa kwanza kumsalimu awe Nyamu, kwa mkono. Kisha alirudi buchani, akakaa nyuma ya gogo lisilokuwa na nyama.

Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ikapita. Wateja wawili walikuja, akawaambia kesho. Landrova ilipita barabarani mara moja, ikikohoa, imeshapata mwenyewe mwingine, na nyuma ya turubai lake alidhani aliona miguu ya watu wamekaa. Alishika ukingo wa gogo mpaka ilipokwisha kusikika. Saa kumi na mbili kasorobo hakuna jirani aliyekuwa nje.

Akasikia cherehani.

Lilikuja likiyumba, mbuzi wanane nyuma wamefungwa kwa kamba, na mkono mmoja wa Kasim umeishikilia gia ya tatu. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa vumbi. Alizima, akakaa kidogo kabla ya kushuka.

"Nyamu anakusalimu," alisema. "Soko lilinyamaza. Kile kimya kizuri. Halafu mama mmoja akanicheka vile gari ilivyo mbaya."

Mama yake alimpangusa vumbi usoni kwa kiganja.

"Mama, niwaingize mbuzi?"

Baba alikuwa akitusimulia kwamba aliona kichwa cha mama yake kikianza kuinama, na kikasimama katikati. Alikishika mahali pale, kama mtu aliyebeba mtungi.

"Ndiyo," alisema kwa mdomo. "Waingize."

Mimi nilimjua akiwa mzee, na nilidhani ana maumivu ya shingo, kwa vile hakuwahi kuitikia kwa kichwa. Siku zake za mwisho, alipokuwa hawezi kumeza, nilimuuliza kama anataka maji na nikamwambia asijisumbue kuongea, atikise kichwa tu. Alinitazama. Kisha akakusanya pumzi, akalitafuta neno, akalisema.